Odur wa Lango la Tano

Katwe, Kampala
4 Agosti 2024

Kwa Dada Shamim, Tabora.

Shikamoo dada. Usigeuze karatasi kutafuta jina la mtu aliyeniandikia. Hayupo. Hii ni barua ya mkono wangu mwenyewe, mimi Odur mwana wa Sajini Okidi, na ukiona herufi zinapanda na kushuka ujue ni meza ya karakana haijanyooka, si mkono.

Huku tu wazima. Mke wangu Akwero anakusalimu, goti limetulia. Mvua ilinyesha wiki iliyopita mtaro ukafurika, maji yakaingia karakana mpaka miguu ya mashine ya kuchomelea, lakini mageti yangu hayaogopi maji. Shemeji hajambo na sukari yake? Mwambie anywe chai kavu, bila sukari, kama mimi. Mwaka mzima nakunywa chai kavu na naweza kuinua geti la milango miwili peke yangu. Akwero anasimama nyuma yangu, anasema niongeze kwamba tunaliinua watu watatu. Haya, nimeongeza.

Sasa jambo lenyewe. Tangu mwaka jana nasoma. Kuna darasa la watu wazima nyuma ya ghala la mbao, Jumanne na Ijumaa saa tisa mchana. Mwalimu ni binti mmoja, Bi Firdaus, ukoo wa watu wa pwani kama wa mama yetu, ana sauti ndogo na moyo wa askari. Tulianza ishirini na mmoja, tumebaki kumi na mmoja, na wa kwanza ni mimi. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ujue kwa barua. Na usipige simu kunipongeza, sitapokea. Andika, nisome. Barua mpe kondakta wa basi kama nilivyofanya mimi.

Jambo la pili ndilo kubwa. Nimekipata kitabu! Mlima Unaotembea! Kile alichotuletea mjomba tukiwa watoto kambi ya askari, ulichokuwa unanisomea. Nilikwenda Nateete kupima geti la mtu, nikapita kwa mzee Abdulghani anayeuza vitabu vya zamani, nikaona picha ya mlima una miguu. Banange, jamani! Nilikaa chini palepale, juu ya gunia la maharage la mtu. Jalada limeliwa na panya lakini kurasa ziko zote, moja mpaka mia arobaini na mbili. Nimezihesabu.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine nasoma ukurasa mmoja, kidole chini ya neno. Binti Nuna ameshaondoka kwao kuufuata mlima uliokimbia na chemchemi ya kijiji, na amepita malango mawili kati ya saba. Nakumbuka nilikuwa naliogopa lile jitu linaloiba ngoma. Sasa nimesoma mwenyewe. Kumbe liliiba kwa sababu watu wa bondeni walikuwa wanapiga ngoma na lenyewe linataka kulala. Dada, mimi nyumba yangu imepakana na baa. Nimelielewa jitu.

Lakini nangoja lango la tano, wewe unajua. Pale Nuna anaposhindwa, kwa sababu ufunguo uko ndani ya shimo na nyoka amelala mwisho wa shimo, kila mwenye mkono mrefu akiutia anaumwa. Ndipo anatokea yule mtoto, wajina wangu, Odur, mkono wake mfupi unaishia kwenye ufunguo hasa, haumfikii nyoka, analifungua. Kwa ajili yake nilichagua kazi ya mageti na makufuli. Kwa ajili yake kibao changu kimeandikwa ODUR WA LANGO LA TANO, na Katwe nzima wananiita hivyo.

Tarehe 7 Desemba kila mwanafunzi atasoma ukurasa mmoja mbele ya watu. Nimeshatangaza wangu. Kakule, yule Mkongo mwenye karakana inayotazamana na yangu, akacheka: "Mzee, hicho kitabu ulikisoma lini, na juzi tu ulikuwa unasaini kwa dole gumba?" Nikamwambia nilisomewa na dada yangu, na dada yangu hasomi kitu ambacho hakimo. Tumewekeana ahadi. Odur akiwemo, Kakule anabeba kibao changu kichwani anakizungusha Katwe. Asipokuwemo, Kakule anakifuta kwa brashi yake. Namhurumia shingo yake.

Nduguyo msomi,
Odur

*

Tabora
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Odur,

Marahaba. Kondakta alileta barua yako akiwa ameikalia tangu Bukoba, lakini ilisomeka yote. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaketi, kisha nikamsomea shemeji yako. Ameweka kikombe cha chai chini akasema, "Huyu ndiye Odur yuleyule?" Nikamwambia hakuna mwingine. Kuhusu chai kavu hakusema neno.

Tumshukuru Mungu. Mahindi yametoka vizuri, miembe inachanua. Mjukuu wangu wa Igunga amejifungua wa kiume, kilo nne, analia kama baragumu la kambini. Nilitamani mama angekuwepo asikie kwamba Odur anasoma. Angechinja kuku, kisha angekuuliza mbona umechelewa.

Usinielewe vibaya, nimefurahi mpaka nimeona aibu kwa jirani. Ila nakushauri kama dada. Siku ya kusoma, kwa nini usisome ukurasa wa kwanza? Ule mlima unavyoamka, unavyokung'uta mbuzi mgongoni. Ni mzuri, maneno yake mafupi, watu watacheka. Lango la tano ni refu na lina maneno magumu. Na vitabu vya zamani, unajua mwenyewe, vilichapwa huku na huku, hiki hiki kinatofautiana na kile. Tena si lazima mtu wa umri wako ashindane na Mkongo kwa ajili ya kibao.

Goti la Akwero alikande kwa maji ya chumvi. Miwani unayo? Usisome kwa mwanga wa mashine.

Dada yako,
Shamim

*

Katwe
22 Septemba 2024

Dada Shamim, shikamoo.

Hongera ya kitukuu. Kilo nne ni askari tayari. Huku Akwero amepika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja, anasema angekubakizia kama Tabora ingekuwa karibu. Miwani ninayo, nilinunua kwa mtu wa barabarani, naona mpaka kesho.

Nimefika lango la tano. Nilifika Jumatano. Nilikuwa nimeoga na kuvaa shati, nikakaa, nikaweka kidole.

Hayumo.

Nuna anafika langoni, shimo lipo, nyoka yupo, halafu anakaa chini anaimba. Anaimba tu! Lango linafunguka lenyewe. Ukurasa unaofuata yuko njiani kwenda la sita. Nimerudia mara nne. Nimerudi nyuma mpaka la tatu, labda mtoto alitangulia. Nimekwenda mbele mpaka mwisho. Kuna mbuzi anayesema, kuna bibi wa ukungu, kuna lile jitu tena. Odur hakuna.

Nikapanda bodaboda mpaka Nateete. Nikamwambia mzee Abdulghani mbele ya wateja: "Umeniuzia kitabu kilichopungua mtu!" Akanitazama juu ya miwani yake, akasema: "Mzee mwenzangu, mimi napunguza bei, sipunguzi watu." Tukahesabu kurasa pamoja. Ziko zote. Nikamwambia basi kiwanda kilimpunguza. Akasema, "Nenda ukalale, rafiki yangu." Mimi nikalale? Mchana?

Kwa hiyo ni kitabu kibaya. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kimoja kinatofautiana na kingine. Uliposema hivyo sikuelewa, sasa nimeelewa, ulikuwa unanitahadharisha. Basi niletee kile chetu, au niambie kimeishia kwa nani. Kakule ameshanunua rangi. Ameiweka dirishani kwake, kopo jeupe, kila asubuhi analigeuza kidogo ili nilione vizuri.

Ukurasa wa kwanza sitasoma. Nilishasema.

Odur

*

Katwe
20 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wiki nne nakwenda kituo cha mabasi, kondakta ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Kama unaumwa, mwambie shemeji aandike.

Bi Firdaus ana bibi yake huko Kansanga, nyumba ina sanduku la vitabu vya wazee wao. Humo kulikuwa na Mlima Unaotembea mwingine, wenye jalada, kiwanda kingine. Alikileta darasani bila kuniambia anakileta kwa nini. Nikafungua lango la tano. Nuna anaimba.

Sasa ni vitabu viwili. Mbele ya watu bado nasema kipo cha tatu. Lakini nikiwa peke yangu nimeanza kufikiri kitu ambacho sitaki kukifikiri, na sitakiandika hapa.

Aliyekuwa ameshika kitabu kile ulikuwa wewe. Nijibu, hata mstari mmoja.

Odur

*

Tabora
3 Novemba 2024

Odur, mdogo wangu,

Siumwi. Shemeji yako haumwi. Mtoto ametahiriwa na amepona. Salamu zimekwisha, kwa sababu nikiziendeleza sitafika.

Hakipo cha tatu. Kile chetu kilikuwa sawasawa na hivyo viwili. Odur nilimtia mimi.

Nimeiandika barua hii mara tano. Ya kwanza ilisema kitabu kilipotea na ukweli wake. Nikaichana, maana uliwaambia watu dada yako hasomi kitu ambacho hakimo.

Unaikumbuka siku ya kuandikishwa shule? Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nikakuona kwa dirisha. Walikupangeni mstari, kila mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, akigusa amekua, anaandikwa. Wewe ulijivuta mpaka shati likachomoka. Ukainamisha kichwa kwa hila, mwalimu akakinyoosha. Akasema, "Mkono mfupi. Rudi mwakani." Mtoto mwingine yeyote angelia akarudi mwakani. Wewe ukamwambia mbele ya wazazi wote kwamba hukanyagi hapo mpaka aje nyumbani kukuomba. Watu walicheka sana. Mwaka uliofuata baba alikuburuta, ukaikumbatia nguzo ya baraza, na mwalimu hakuja, na wewe hukwenda.

Lakini siku ile ya kwanza, baada ya ule ujeuri, uliingia chini ya kitanda cha mama. Siku mbili huli. Baba akasema mwacheni, njaa itamtoa. Mimi nikakaa sakafuni nikaanza kukusomea kitabu cha mjomba, nikiwa nakuona visigino tu. Kwenye lango la kwanza kulikuwa na picha, nikaisukuma ndani uione. Nuna ananing'inia kwenye komeo, mikono mirefu kama mkia wa nyani. Nikasikia sauti yako kutoka huko chini: "Hata humo wana mikono mirefu."

Nikasoma lango la pili. Nikasoma la tatu na la nne, macho yanatangulia kutafuta mtu mwenye mkono mfupi, hata mbaya, hata mwizi. Hamna. Nilipofika la tano sikungoja tena. Nikasema bila kubadilisha sauti: "Hapo akatokea mtoto mmoja, jina lake Odur."

Nikaendelea, shimo, nyoka, ufunguo. Lango likafunguka. Kisha mkono wako ukatoka chini ya kitanda, ukaomba kiazi.

Ningefanya nini baada ya hapo? Ulinitaka nirudie kila wiki. Ikabidi niyashike maneno yangu kwa moyo, neno kwa neno. Siku moja nilisahau nikasema nge, ukanikemea: "Soma vizuri, ni nyoka." Nilisema nitakuambia ukikua. Ukakua, ukaenda kujifunza kuchomelea. Nikasema nitakuambia ukioa. Ukaoa, ukatundika kibao. Mtu aliyeshatundika kibao unamwambiaje?

Nina nakala yangu, niliinunua zamani nikaifungia kabatini kwa woga. Nimeisoma wiki hii, alasiri mbili, kikongwe cha miaka sabini na moja kimelala kifudifudi mkekani. Ule mlima bado unanitoa jasho. Sikujua tulipokuwa watoto kwamba mama yake Nuna anabaki kijijini anachota maji ya mbali kila siku, ameandikwa mistari miwili tu. Safari hii niliilia hiyo miwili. Lakini lango la tano, Odur, na nisamehewe na aliyeliandika, nadhani hapo alichoka. Binti anaimba, komeo linaanguka? Nilisoma nikawa namngoja yule mtoto. Nilijua hamna, na bado nilimngoja.

Kasirika unavyotaka. Mzee wa watu wa Nateete umwombe radhi.

Shamim

*

Katwe
11 Desemba 2024

Dada Shamim,

Shikamoo. Mzee Abdulghani nimemwomba radhi. Alinifanya nirudie mara mbili, alisema sikio moja halisikii vizuri.

Nilipomaliza barua yako nilifunga karakana nikaenda kulala mchana. Nikamwambia Akwero: "Dada yangu alinidanganya." Akawa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Alikudanganya nini?" Nikamsomea yote. Akasema, "Alikudanganya ukala." Akaendelea na mchele. Nilikasirika siku nane hata hivyo, nilishaanza.

Sasa sikia siku yenyewe. Watu walijaa mpaka juu ya mbao. Mafundi wote wa mtaa walikuja kwa sababu ya kibao. Kakule mstari wa mbele, kopo mapajani, brashi sikioni kama penseli ya seremala. Bi Firdaus akaniuliza chini chini, "Mzee, unataka ukurasa mwingine?" Nikamwambia mimi nilishasema lango la tano.

Nikasimama. Nikasoma. Dada, sikurukia neno. Nuna anafika, nyoka amelala, Nuna anakaa, anaimba, lango linafunguka. Nilisoma kama kilivyoandikwa. Pangekuwa na mtu asiyejua angedhani nimezaliwa na kitabu mkononi. Nikafunga kitabu.

Kakule akauliza: "Na Odur?"

Nikasema: "Hayumo."

Banange, kelele! Kakule alisimama juu ya benchi, kopo juu kama kombe la mpira. Nikamngoja amalize. Nikasema: "Kaa chini, sijamaliza. Hayumo kwa sababu mwandishi hakunijua. Dada yangu ananijua. Nilikuwa na miaka saba, nimekataliwa shule kwa mkono huu hapa, nimelala chini ya kitanda sili. Dada yangu akaona kitabu kizima hakina nafasi yangu, akanifungulia nafasi kwa mdomo wake, na akaishika miaka yote bila kukosea neno ila nge mmoja. Kuna mfalme ameandikwa vitabuni kwa kulipa. Kuna nabii ameandikwa kwa haki yake. Mimi nimetiwa kwa kupendwa! Mwenye dada wa namna hiyo anyanyue mkono!"

Hakuna aliyenyanyua. Nikawatazama mmoja mmoja, mpaka mwenyekiti wa mtaa.

Kakule alishuka benchi. Akasema, "Mzee, kumbe ulikuwa unaringa kidogo mno." Akaniambia nimsimulie mtoto huyo basi, vile dada alivyosoma. Nikasimulia neno kwa neno, bila kitabu. Kibao amekiacha. Ahadi ni ahadi, nilimwambia akifute, akasema rangi yake imeganda. Mimi naijua rangi. Haikuganda.

Sasa sikia kilichonileta kwenye barua. Nilipomaliza, Mama Aol muuza mkaa, tunasoma naye darasa moja, akauliza: "Na yeye Odur akapita? Malango mawili yaliyobaki?" Nikamjibu kama ulivyonisomea. Wewe ulikuwa unasema, "Odur akabaki kulilinda lango," na Nuna anakwenda zake. Najua kwa nini. Mbele huko kitabu hakikumtarajia, ungechoka kumbeba. Ulikuwa na miaka kumi. Lakini Mama Aol alinitazama kama nimemwacha mtoto wa mtu barabarani. Dada, miaka hamsini nawatengenezea watu mageti wanapita, na yule wangu bado amesimama pale nje.

Kwa hiyo nakuja. Daftari ninalo, kalamu ninazo tatu. Wewe utakuwa unasema, mimi naandika, na usinisahihishe mpaka nifike mwisho wa mstari. Tunampitisha la sita na la saba. Jitu nitazungumza nalo mimi mwenyewe, mzee kwa mzee.

Umeniambia lako, nikuambie langu. Miaka yote uliyonialika nikasema kazi nyingi, hapakuwa na kazi. Niliwahi kuja. Msiba wa mama mkwe wako, nilifika mpaka Mwanza. Stendi ina mabasi mengi, kila moja limeandikwa ubavuni, na kila kijana ananivuta kwake. Niliona aibu kuuliza lipi la Tabora. Nikakaa pale mpaka jioni nikageuka nyumbani, nikakuambia geti la mtu lilianguka.

Nafika Jumamosi tarehe 21. Akwero anakuja pia, goti na yote. Shemeji anafikiria kutuma mtu wa kunipokea Mwanza, najua, ndivyo alivyo. Mwambie asitume mtu. Nitasimama katikati ya stendi nisome mabasi yote kwa sauti, hata yasiyokuja kwenu.

Odur